Moto wa Watu Wawili

Siku hizi Tukuyu gesi ya bomba huja kwa hesabu ya pumzi: nyumba yenye watu wengi hupata presha kubwa, ya mtu mmoja hupata kidogo. Asubuhi moja ya baridi, Subilaga alifungua maji aoge, yakatoka kama barafu. Akachungulia hita. Moto ulikuwa umenywea, mdogo kama wa mshumaa. Moto wa mtu mmoja.

Humo ndani aliishi na baba yake.

Akakimbilia chumbani kwa mzee. Kitanda kitupu! Akatoka mbio, akamkuta uani amejifunika blanketi.

"Nimetoka kuota jua, mwanangu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Baba. Ingia ndani," akasema, huku analia na kucheka.

Mzee alipovuka kizingiti tu, hita ikanguruma na maji yakafuka mvuke.

Kesho yake Subilaga alikwenda moja kwa moja kwenye hita. Moto ulikuwa mkubwa. Akashusha pumzi, akabandika chai.

"Subilaga," sauti ikaita kutoka chumbani, "leo huniamkii?"

"Nimeshakuona, Baba," akajibu, macho yake yakiwa bado kwenye moto.