Dumu la Bi Mwanahawa

Tangu mvua ikatike, kila nyumba mjini ilipata dumu moja la maji kwa siku. Zamu ikifika na mwenyewe hayupo, dumu lake lilitolewa kwenye foleni. Sikudhani, msimamizi wa bomba, hakumwonea haya hata mama mkwe wake.

Asubuhi hiyo lilifika dumu la bluu lenye kizibo cha gunzi. Watu walikuwa wakilisogeza kwa miguu.

"La nani hili? Mwenyewe yuko wapi?" aliuliza Sikudhani.

"La Bi Mwanahawa," alijibu Mbaruku, fundi cherehani, aliyekuwa nyuma ya dumu hilo kwenye foleni. "Alilipanga jana jioni. Amefariki alfajiri."

Sikudhani alilitazama, kisha akafungua bomba. Lilipojaa, alilifunga kizibo polepole.

"Ila moja halitoshi kumwosha," alisema, kama anayejisemea.

Mbaruku akasukuma la kwake chini ya bomba. "Na hili liende huko huko."

Mama aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Na aliyemfuata huyo.

"Jamani, basi! Nanyi leo mtakunywa nini?" alisema Sikudhani.

Foleni ilisogea tu.

Sikudhani akainama, akalivuta dumu lake mwenyewe kutoka chini ya kiti chake.