Bibi Alisema Disko

Kila nyumba yenye mwanafunzi anayelipiwa na serikali ina sikio ukutani, chombo kinachosikiliza kila neno na kukiarifu chuo. Wastani wako ukishuka chini ya mbili, umedisko: chuo kinakufuta, mlango wa kwenu haukufungukii tena, na anayekuficha anafutwa pamoja nawe.

Mimi nilikuwa na mbili nukta moja, na sapu, mtihani wa marudio, ya hesabu Jumatatu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa bombani nje nikimsikia jirani dirishani akimuuliza bibi yangu, aliyekuwa ndani, kwa nini nimesuka nywele.

"Tusajigwe? Leo ana disko huyo!" bibi akacheka. "Harusi ya binamu yake. Acha mtoto akacheze."

Sikio likasema, "Taarifa ya disko imepokelewa."

Niliitupa ndoo. Nilibandika kiganja mlangoni, mlango haukufunguka.

"Bibi, liambie ni muziki tu! Liambie!"

Nikamsikia akilisihi, akiliita baba, akiliita mheshimiwa. Likamjibu kwa upole, "Bibi, wewe huna mjukuu. Au unaye?"

Niligonga mlango taratibu, kama ninavyogonga siku zote.

"Nani huyo?" akauliza bibi. "Mimi naishi peke yangu."