Ukurasa Uliochanwa

Dorah alitoa karatasi kwenye pochi, akaikunjua, akaiweka kwenye turubai kando ya dagaa.

"Ni ya ile kamusi yetu," alisema. "Niliichana mimi."

Esta aliendelea kutandaza dagaa. Jua la ufukweni Kiriba lilikuwa limemzeesha mapema. Kwa miaka ishirini Dorah hakuacha kumkumbuka.

Walikuwa kidato cha nne, watu wawili kamusi moja ya Kiingereza, zawadi ya padri aliyehama. Masista wa Musoma waliahidi kumsomesha zaidi msichana mmoja tu, atakayeshinda mtihani. Wiki hiyohiyo ng'ombe wa mahari wakaingia zizini kwa kina Dorah. Hofu ikamshika. Akachana ukurasa mmoja, akaukariri wote, ili Esta asiupate.

Siku ya mtihani, Mwalimu Keraryo, ambaye macho yalishaanza kumsumbua, alimpa Esta karatasi ya maswali ayaandike ubaoni. Ilikuwa kawaida, maana Esta ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri. Swali la mwisho: neno "rival" lina asili gani? Nusura Dorah apige kelele. Kilatini, rivalis, mtu anayetumia kijito kimoja na mwenzake. Esta aliacha nafasi tupu. Masista waliposahihisha kwa kufuata maswali ya ubaoni, wawili hao walipishana kwa swali hilo tu.

Dorah akaendelea na shule, ng'ombe wakarudi kwa wenyewe. Sasa anafundisha Kiingereza Bunda, na kila akifikia neno hilo huwaambia wanafunzi wasome wenyewe, yeye anatoka nje.

"Nimekuibia maisha, Esta. Tulikuwaga tunaenda mtoni wote na ndoo zetu, halafu nikakufanyia vile. Nipige hata kofi."

Esta alijifuta mikono kwenye kanga. Akauchukua ukurasa, akausoma taratibu mpaka mwisho, Kiingereza chote, bila kukwama.

"Umeutunza vizuri, Mwalimu Dorah," alisema. "Ila swali la Keraryo lilikuwa la neno lingine kabisa, na nilikuwa nalijua. Ubaoni nikaandika la ukurasa uliokosekana."

Akaukunja ukurasa, akamrudishia.

"Asubuhi niliwaona wale ng'ombe kwenu. Jioni nikakuona dirishani, unachana."