Homa ya Zuwena

Siku hizo, mtoto yeyote alipochanjwa ili aanze darasa la kwanza, homa ya chanjo haikumpata yeye. Ilikwenda kwa mzazi aliyemzaa. Bimkubwa, mama yake Zuwena, alikuwa mjamzito, kwa hiyo zamu ya kuugua kwa ajili ya Zuwena ikawa ya mumewe, Makame.

"Kabla ya adhuhuri utatetemeka," muuguzi alimwambia baada ya kumchoma Zuwena sindano. "Homa haipotei njia, hufuata damu."

Makame alirudi nyumbani, akajilaza, akajifunika mablanketi mawili. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia. Jasho lilimtoka kwa joto la mablanketi tu. Uani Zuwena alikuwa akiruka kamba, mzima kabisa.

"Labda ile sindano ilikuwa mbovu," alisema Makame.

"Labda," alijibu Bimkubwa bila kumtazama.

Jioni simu ikalia. Alikuwa mke wa Khatibu, mdogo wake Makame.

"Shemeji, njoo utusaidie. Khatibu anatetemeka tangu mchana. Tumempima malaria, hana. Ingekuwa tuna mtoto wa kuchanja ningeelewa, lakini hatuna!"

Makame alisema anakuja. Alivaa shati, akalivua, akalivaa tena. Alimgeukia mkewe. Bimkubwa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya tumbo, akilia kimyakimya.

Zuwena akaingia mbio, akamshika baba yake paji la uso kama alivyofundishwa chekechea.

"Baba, umeshapona?"

Makame aliubana ule mkono mdogo pale usoni.