Raba za Kagendo

Mtungi wa gesi wa jirani ulishika moto alfajiri, na ploti nzima hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, ikakimbia nje miguu mitupu. Kagendo, msichana wa chuo, peke yake alikuwa na raba, kamba zimekazwa. Vioo vilikuwa vimetapakaa mlangoni, kwa hivyo ni yeye aliyeingia kumtoa mtoto wa jirani aliyebaki ndani.

Moto ulipozimwa, mama wa mtoto alimtazama miguu.

"Ulivaa saa ngapi?"

"Sikuvaa. Huwa nalala nazo. Baba akilewa tulikuwa tunakimbilia kwa shamba la majani chai, na bila viatu visiki vinakukata."

"Na sasa yuko wapi?"

"Alikufa nikiwa darasa la sita."

"Enda ulale vizuri, mwanangu."

Kagendo aliketi kitandani. Akavua raba moja.