Kona kwa Kona

Miaka kumi na tisa ya ndoa, Shaweji hakuwahi kumwita mkewe amsaidie kazi ya chuma. Leo alimwita. Zamda akashika ncha ya futi kamba kwenye kona ya fremu ya tela, huku jicho lake likiwa kwenye mchoro wa Shaweji. Nyumba ya magurudumu, mumewe alisema, ya kutembea wao wawili. Mbona mchoro ulikuwa na kitanda cha mtu mmoja?

"Baba Mwasiti, mimi nitalala wapi humo?"

"Tuiweke fremu sawa kwanza. Ikienda upande, hata mlango hautafunga."

Akalaza pima maji juu ya chuma. Kiputo ndani yake kikatulia katikati kabisa. Akapima kona kwa kona, akaandika kwa chaki, kisha wakahamia kona nyingine mbili. Vipimo vikilingana, leo hii hii angefunga mbao za sakafu.

Zamda akaisogeza ncha upana wa kidole.

"Havilingani," Shaweji akanung'unika. "Jana vilikuwa sawa."

"Labda ni jua."

Shaweji akagonga kwa nyundo kona isiyokuwa na kosa, akapima tena. Zamda akasogeza tena.

"Umeshika palepale, Mama Mwasiti?"

"Palepale."

Shaweji alipogonga mara ya pili, tofali lililoishikilia fremu likateleza, na kiputo kikaanza kuhama polepole kuelekea upande wa Zamda. Shaweji hakukiona. Nyundo mkononi, alikuwa anakitazama kidole cha mkewe kilichoiacha kona.