Upande wa Nyuma wa Meli

Raya aliitungua ukutani picha ya meli ya matanga ya kufundishia mabaharia ambayo baba yake, Mzee Nasibu, aliitarizi kwa nyuzi za sufu enzi zake za ubaharia jeshini. "Kaitupe tu," mzee alikuwa amemwambia. "Jua limeshaila." Kweli, matanga na bendera vyote vilikuwa vimepauka, rangi ya majivu tupu.

Alipoitoa kwenye fremu, kitambaa kikamponyoka kikaanguka kifudifudi. Raya akashika mdomo. Upande wa nyuma, ambako jua halikuwahi kufika, bahari ilikuwa ya kijani kibichi na bendera nyekundu kama pilipili, ingawa ncha za nyuzi zilining'inia ovyo.

"Baba, njoo uione meli yako."

Mzee akaja akijikokota, akainama.

"Ndiyo yenyewe," alisema huku akicheka, machozi yakimlengalenga. "Siku ile upepo uliyajaza matanga mpaka tukawa tunaimba. Lete nyundo, mwanangu. Tuitundike hivi hivi, ukuta ule wa kivulini."

Hakungoja. Alipanda kitini mwenyewe, akaibana meli ukutani kwa viganja viwili, akatega sikio kwenye matanga, kama anayeusikiliza upepo ule.